Mlinzi wa Kiota katika Ziwa Erie

Ziwa Erie, mpakani mwa Marekani na Kanada, lina ukubwa wa kilomita za mraba 25,700 hivi. Majira ya baridi yakisha kupita na maji kufikia joto la nyuzi 15 za Sentigredi, samaki aitwaye besi mdomo-mdogo husogea karibu na pwani. Dume hutengeneza kiota katika changarawe. Jike hutaga na kwenda zake. Dume hubaki lindoni usiku na mchana. Kwa ukali wake huirukia hata ndoana, hivyo kumvua huwa rahisi. Lakini akiondolewa, gobi, samaki mgeni aliyeonekana katika Maziwa Makuu ya huko mwaka 1990, hukivamia kiota na kuyala mayai. Mvuvi mwungwana humrudisha upesi pale pale alipomtoa. Lindo likiachwa, kizazi hupotea.