Barabara ya Magadi na viganja vinne vya mpira

Msafiri anayetoka Nairobi kwenda Magadi hupita kwanza Ongata Rongai na Kiserian, katikati ya matatu, mikokoteni na akina mama wanaouza mboga kando ya njia. Kisha barabara hupanda bega la kusini la milima ya Ngong hadi mahali paitwapo Kona Baridi. Jina hilo halikutolewa bure. Upepo wa hapo humfanya mtu atafute sweta hata saa nne za asubuhi. Halafu, kwa ghafla, nchi yote huanguka mbele ya macho. Bonde la Ufa limetandazwa chini, la kahawia na kijivu, na barabara huonekana ikijinyonganyonga humo kama mshipi uliotupwa.

Kutoka hapo hadi mji wa Magadi ni kushuka tu, isipokuwa vilima vichache njiani. Kona Baridi iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Magadi liko mita 600 hivi. Magari si mengi na kona ni tamu, ndiposa kila mwisho wa juma vijana wenye magari ya kasi huifuata barabara hii.

Gari wanalolipenda mno ni Subaru, hasa Legacy ya aina ya stesheniwagoni. Mapenzi hayo yana historia. Katika mashindano ya Safari Rally ya 1994, Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Subaru. Mwaka wa 1997 Colin McRae alishinda kwa Subaru, na mwaka wa 2000 Richard Burns akafanya vivyo hivyo. Tangu hapo, mzazi anayehitaji buti la kubebea mizigo na ambaye bado ana damu moto hununua Legacy GT yenye tabo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada. Kwa gia za mkono, gari la kizazi cha 2003 lilitoka kiwandani na nguvu za farasi 280. Mafundi wa mjini huziongeza.

Shemeji wangu ni mmoja wa wazazi hao. Alikuwa amepanga kumpeleka dada yangu na watoto wao wawili Magadi, kumwona kaka yake anayefanya kazi huko. Nami nilialikwa. Tatizo lilikuwa magurudumu. Alikuwa ameng'oa rimu za inchi 17 na kutia za inchi 19, zinazong'aa kama sahani za arusi, na springi zilikuwa zimekatwa ili gari lilale chini. Dada alisema jambo moja tu: watoto wake hawatashuka Kona Baridi juu ya vitu hivyo. Basi siku mbili kabla ya safari tukaenda Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, kumwona fundi mmoja mwenye mvi.

Mzee huyo alilizunguka gari kimya, akapiga magoti, akaingiza vidole kati ya tairi na bodi. Vidole viwili tu vilipita.

"Kijana wangu," akamwambia shemeji, "injini yako ni ya simba, lakini umemvalisha viatu vya dansi."

"Mzee, gari hili huvuta kwa magurudumu yote manne," shemeji akajitetea. "Haliwezi kuteleza."

"Kuvuta kwa manne hukusaidia kuondoka. Kusimama je? Breki za manne hata pikapu ya maziwa inazo."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, msomaji. Kila tairi hugusa barabara kwa kipande kisichozidi sana kiganja cha mkono. Gari la tani moja na nusu, familia yake na mizigo yake, vyote hushikiliwa na viganja vinne vya mpira. Mvuto wa magurudumu manne hugawa nguvu za injini vizuri wakati wa kukanyaga mafuta. Hauongezi ukubwa wa viganja hivyo wakati wa kukata kona au kufunga breki. Tena mwendo ukiwa maradufu, masafa ya kusimama huwa mara nne. Mwenye farasi wengi hufika upesi pale anapohitaji kusimama, na vifaa vyake vya kusimamia ni vilevile.

Mzee akaeleza habari ya rimu kwa futi yake ya chuma. Tairi ya awali ya gari hilo ni 215/45 ya inchi 17, na ukuta wake, yaani mpira ulio kati ya rimu na barabara, una urefu wa milimita 97 hivi. Tairi ya 225/35 ya inchi 19 ina ukuta wa milimita 79. Kwa macho ni tofauti ndogo. Katika shimo lenye makali ndiyo tofauti kati ya kutikisika na kupasuka, kwa sababu ukuta huo ndio mto wa kwanza kabla ya springi. Alipendekeza 215/50 ya inchi 17, yenye ukuta wa milimita 107, baada ya kupima kwamba haitagusa shokabzoba. Gari lingeinuka sentimita moja, na saa ya mwendo ingepungukiwa kidogo: ikionyesha 80, gari liko karibu 83.

Zote nne zilikuwa mpya na za aina moja. Hilo si anasa katika Subaru. Tairi moja ikiwa imelika kuliko nyingine, magurudumu huzunguka kwa kasi tofauti, na difu ya katikati hufanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Watengenezaji hutaka tofauti ya mzingo isizidi milimita 6 hivi. Aidha, mzee alisoma tarakimu nne zilizopigwa ubavuni mwa kila tairi. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na meno marefu na bado iwe imezeeka na kukauka.

Springi zilizokatwa zilitupwa. Springi fupi huliacha gari bila nafasi ya kubonyea, na gurudumu likining'inia juu ya shimo springi inaweza kulegea katika kiti chake. Wako pia wanaofanya kinyume, wakiinua gari kwa vipande vya spesa. Hao nao hulipandisha tumbo la gari juu, likazidi kuyumba kwenye kona. Zilirudi springi za kimo cha kiwandani, shokabzoba mpya zikafungwa, kisha gari likapelekwa alaimenti, maana kimo kikibadilika pembe za magurudumu hubadilika pia.

Jumamosi tulishuka. Magunia mawili ya viazi na mitungi ya maji ililazwa chini kabisa, ikiegemea kiti cha nyuma, si mwishoni mwa buti. Stesheniwagoni likilemewa nyuma, pua hupanda, na magurudumu ya mbele, yanayoelekeza gari na kubeba sehemu kubwa ya breki, huwa mepesi. Shemeji alishuka kwa gia ya tatu, akiiachia injini kazi ya kuzuia. Baada ya Kona Baridi tulipita gari dogo lililokuwa likifuka moshi wa breki kando ya njia.

Olepolos ikapita na harufu yake ya nyama choma, kisha Kisamis. Kuanzia hapo lami ina viraka, na kingo zimemegwa na mvua. Mahali pengine mchanga umetandazwa juu ya lami kama unga juu ya meza. Kabla ya Oltepesi tuliwakuta vijana watatu wamekaa chini ya mgunga. Gari lao lilikuwa limeinamia upande mmoja, rimu imepinda kama sufuria iliyoangushwa, na tairi ya akiba hawakuwa nayo. Tuliwaachia maji. Shemeji hakusema neno, lakini nilimwona akiangalia rimu ile kwa muda mrefu.

Olorgesailie tulipumzika. Hapo watoto waliona mashoka ya mawe ya binadamu wa kale, ambayo Louis na Mary Leakey walianza kuyachimbua katika miaka ya 1940. Wakati wao wakishangaa, shemeji alichukua spana akakaza nati za magurudumu, kwani rimu zikifungwa upya nati hulegea baada ya kilomita 50 hadi 100. Alipotaka kupunguza upepo kwa kuwa tairi zilikuwa moto, dada alimkumbusha maneno ya mzee. Upepo hupimwa tairi zikiwa baridi. Joto likipanda kwa nyuzi 5 au 6, upepo huongezeka kwa pauni moja hivi, na hiyo ni kawaida. Anayeupunguza njiani huwa na tairi legevu kesho asubuhi, na tairi legevu katika joto hujikunja mpaka ikapasuka.

Magadi ilitupokea kwa jua kali na ziwa la rangi ya waridi na nyeupe. Magadi yamevunwa hapa kwa zaidi ya miaka 100, na reli ndogo ya kuyasafirisha inaunganishwa na reli kuu huko Konza. Kaka mtu alitupeleka kwenye chemchemi za moto, akatuonya tusiache njia iliyokanyagwa. Ukoko wa magadi huonekana mgumu kama saruji, kumbe chini ni tope. Hapo magurudumu manne yanayovuta huchimba mashimo manne.

Jioni tulipanda kurudi, na hapo farasi wale wakalipa nauli yao. Gari lilikula vilima bila kuhema, lori likapitwa kwa usalama palipoonekana vizuri, na kila kona ilishikwa bila mlio wa tairi. Watoto walilala tangu Oltepesi hadi Kiserian.

Msomaji mwenye gari la nguvu, anza kutumia fedha zako chini. Tairi nne mpya zinazofanana, shokabzoba nzima, springi za kimo chake, breki safi, kisha ndipo uitazame injini. Rimu zinazong'aa zina mahali pake, nako ni kwenye arusi.