Barua Iliyofika Kapsoya

Mwaka 2004 nilikuwa nimepanga chumba Kapsoya, kwenye ploti ya vyumba vinane na mfereji mmoja. Kila alfajiri nilipanda matatu hadi mjini Eldoret, nikaunganisha nyingine hadi Kesses, Chuo Kikuu cha Moi, nilikosomea fasihi. Majirani walidhani nasomea ualimu. Sikuwasahihisha. Ningeanzia wapi kueleza kwamba mahindi ya mzee yanauzwa ili mimi nikasome hadithi?

Muhula ule tulipewa riwaya ya Mariama Bâ, Msenegali, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979. Kwenye Maktaba ya Margaret Thatcher pale chuoni nikaikuta kwa Kiswahili, Barua Ndefu kama Hii. Nikaisoma, nikaandika insha kuhusu ukewenza na desturi za Dakar, nikajiona msomi kwelikweli. Dakar ilikuwa mbali, na umbali huo ulinifaa.

Jioni moja stima zikapotea. Mama jirani, aliyefiwa na mumewe miezi michache nyuma, alikuwa akiwasongea watoto ugali kwenye jiko la makaa mlangoni pake. Akaniuliza kitabu hicho ninachotembea nacho kinasema nini. Nikamweleza: mama mmoja kafiwa na mume, yumo edani, anamwandikia shoga yake.

"Mashemeji walikuja?"

Nikanyamaza. Kwenye insha jambo hilo nilikuwa nimelipitia kwa sentensi moja. Naam, alikuja. Siku ya arobaini shemeji anaingia pamoja na imamu, anatangaza kuwa eda ikiisha atamwoa. Hamwulizi, anamwarifu.

Mwiko ukasimama sufuriani. "Na yeye akasemaje?"

Nikamulika kwa tochi ya simu, nikamsomea jibu lote, ambalo si fupi wala si la upole. Akacheka mpaka mtoto mdogo akatoka kutazama. Kisha akarudia kusonga, polepole.

"Wangu walikuja wawili, mwanangu. Walitaka na hati ya shamba."

Niliwakumbuka. Jumamosi ile walipobisha hodi, mimi ndiye niliyewaazima viti. Niliwasalimu kwa heshima zote, nikarudi ndani kusoma habari za Senegali.

Insha nilikuwa nimeshaikabidhi, na alama zake zilikuwa nzuri.

Mama akaomba kitabu, cha siku mbili tu. Kilikaa kwake wiki sita, na dada yake wa Turbo naye akakipitia. Faini ya maktaba nililipa mimi.