Gari Iliyokosa Pumzi, na Mdogo Wangu Niliyemdhania Vibaya



Leo sina pilau wala mapambo ya bibi harusi. Leo nakuleteeni ekzosi ya gari. Usicheke dada yangu, soma mpaka mwisho, maana ekzosi hii nusura initenganishe na mdogo wangu wa tumbo moja.

Wanaonijua wanaijua kazi yangu: nakodisha viti, maturubai na masufuria ya shughuli hapa Chake Chake. Harusi, khitma, maulidi, mimi nimo. Na vyote hivyo vinabebwa na pikapu ya marehemu baba, Toyota Hilux ya mwaka 1994, ya dizeli, ina ile injini wanayoiita 3L, ya lita 2.8, haina tabo. Mbio haijawahi kuwa nazo, lakini mzigo ilikuwa haiuogopi. Dereva wake ni mdogo wangu, tangu baba yu hai.

Baada ya masika mambo yakabadilika. Safari ya Wete ikawa inachukua karibu mara mbili ya muda wake. Dizeli ya siku tatu ikawa inaisha kwa siku mbili. Mdogo wangu akawa ananiambia, "Dada, gari haivuti." Mimi nikasikia maneno mengine kabisa. Nikasikia kwamba ananiibia dizeli na anazurura na gari yangu. Nikaanza kuandika kila lita kwenye daftari. Jioni moja nikaenda kwake na daftari langu, na mbele ya mkewe nikamwambia anipe ufunguo. Hakubishana. Aliuweka juu ya meza, akasema, "Haya dada," akatoka nje.

Siku mbili baadaye kulikuwa na harusi Wete. Leseni ninayo, nikapakia masufuria na viti, binti yangu wa miaka tisa akakaa pembeni yangu, nikatia bismillah tukaondoka. Kwenye tambarare nilijiona dereva hodari. Tulipofika kwenye mlima wa kwanza nikakanyaga mafuta mpaka chini, na gari ikawa inazidi kupoa. Nikarudi gia ya pili, kisha ya kwanza. Nyuma kwenye kioo sikuona njia, niliona moshi mweusi mtupu. Kijana wa bodaboda akatupita na abiria wawili na gunia. Binti yangu akasema, "Mama, kichwa kinaniuma," na hapo ndipo nikagundua kwamba harufu ya moshi imejaa ndani. Tukashusha vioo vyote.

Tulifika wapishi wamekwisha kuwasha kuni, wanasubiri masufuria. Mama wa bibi harusi hakusema kitu, macho yake yalitosha. Nami nilikuwa nimekwisha kujua: gari haivuti. Niliambiwa, sikutaka kusikia.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alisikiliza mlio kwa dakika moja, akasema mashine imechoka, ifunguliwe yote, na nozeli zote zibadilishwe. Bei aliyonitajia ni ya kuuza ng'ombe. Ningelipa, wallahi, isipokuwa sikuwa nazo. Umasikini wa siku ile uliniokoa.

Nikamkumbuka mzee mmoja aliyekuwa akimtengenezea baba. Huyu hakugusa spana kwanza. Aliniuliza maswali kama daktari.

"Asubuhi inawaka vizuri?"

"Inawaka, ami."

"Ikisimama inatulia?"

"Inatulia."

"Nguvu inapotea wakati gani?"

"Nikikanyaga mafuta. Zaidi mlimani, na mzigo."

"Moshi rangi gani?"

"Mweusi, kama wa jiko la makumbi."

Akanieleza kwa lugha ninayoifahamu. Injini ya dizeli inataka mambo matatu: mafuta yafike, hewa iingie, na moshi utoke. Moshi mweusi maana yake mafuta yanafika lakini hewa ya kuyaunguza haitoshi. Ingekuwa filta ya dizeli ndiyo imeziba, gari ingekosa nguvu pia, lakini kwa kawaida isingetoa moshi mwingi namna ile, kwa sababu ingekuwa na njaa. "Hii haina njaa," akasema. "Hii imekabwa. Lakini tutakagua kwa mpangilio, tuanze na vya bei ndogo."

Kwanza filta ya hewa. Tulipoitoa ilikuwa nyeusi, vumbi la mwaka mzima. Tukatia mpya. Moshi ukapungua kidogo, nguvu haikurudi.

Pili filta ya dizeli. Alifungua kizibo chake cha chini, yakatoka maji karibu nusu kikombe. Akaitia mpya vilevile, akapampu kwa mkono kutoa hewa. Nguvu haikurudi.

Tatu akaniambia nikae ndani nikanyage pedeli mpaka mwisho, yeye akaangalia kwenye pampu kama waya unavuta mkono wake wote. Unavuta. Hakuna tatizo.

Nne akanipeleka nyuma ya gari. Akamwambia kijana wake apandishe mafuta, mimi niweke kiganja mbali kidogo na bomba. Pumzi yake ilikuwa dhaifu, kama mtu anayepuliza chai. Kisha tukainama pembeni, tukasikia mluzi chini ya kabati, na pale bomba linapoungana palikuwa peusi kwa masizi. Moshi ulikuwa unatafuta njia nyingine ya kutokea.

Hatukuingia chini siku ile, kwani bomba lilikuwa la moto. Asubuhi yake akaisimamisha gari juu ya magogo, hakuamini jeki peke yake, akalegeza bomba la mbele linapofungwa na injini. Tukaitoa njiani, vioo wazi, hatua chache tu za kujaribu. Makelele yake yaliwaamsha watu wa mtaa mzima. Lakini mlima ule ule uliokuwa ukinishusha gia ya kwanza, ikaupanda kwa gia ya tatu.

Kumbe tatizo liko nyuma. Akaikata sailensa kwa msumeno mbele yangu. Ndani kuna vibati vinavyopunguza mlio, na vilikuwa vimeliwa na kutu, vimeanguka na kuliziba bomba. Nje sailensa ilikuwa nzima, hata rangi ilikuwa nayo! Akanieleza kwamba dizeli ikiungua hutoa na mvuke wa maji. Gari inayokwenda safari fupi fupi, kama yangu ya mtaa kwa mtaa, haipati joto la kutosha kuyakausha maji hayo, basi yanakaa humo yakila bati. Ongeza na chumvi ya bahari yetu. Moshi usipotoka, hewa safi haina pa kuingia, injini inakosa nguvu, na dizeli inaungua bure. Ndiyo dizeli niliyoiandika kwenye daftari.

Na kichwa cha binti yangu? Mpira unaozunguka mkono wa gia ulikuwa umepasuka, na moshi uliokuwa ukivuja chini ulipanda kwa hapo. Katika moshi wa gari imo kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ikikusanyika inaua. Nilipofahamu hivyo nikakaa chini. Sailensa mpya na mpira vilinigharimu kiasi kidogo sana kuliko kufungua injini.

Jioni ile nilikwenda kwa mdogo wangu. Nilihakikisha mkewe yupo, kwani nilimwaibisha mbele yake. Nikamwambia yote, nikamwomba radhi. Yeye akatazama chini, akasema, "Yameisha dada." Mkewe ndiye aliyenimaliza. Alisema taratibu, bila ya kunilaumu, kwamba miezi miwili ile mumewe alikuwa akitoa pesa za mfukoni mwake kuongezea dizeli, ili mimi nisione imepungua sana nikaumia roho.

Nimeisoma Suratul Hujurat tangu chuoni, nikiwa mtoto. Nayajua makatazo yake juu ya dhana mbaya na kupelelezana. Na daftari langu lilikuwa nini, kama si upelelezi? Hesabu zangu zilikuwa sahihi, lita kwa lita. Nilichokosea ni kumtafuta mwizi kabla ya kutafuta sababu.

Dada zangu wenye magari ya zamani, nakuachieni haya. Moshi mweusi, angalia hewa na ekzosi kabla ya kukubali kufungua injini. Moshi wa buluu, injini inaunguza oili. Moshi mweupe usiokwisha hata gari ikishika moto, na maji ya rejeta yanapungua, simamisha gari uite fundi. Mwambie fundi akague vya bei ndogo kwanza, na akuonyeshe kilichoharibika kwa macho yako. Ukisikia harufu ya moshi ndani, usimpakie mtoto mpaka pajulikane panapovuja. Na usiiache gari ikiunguruma ndani ya banda lililofungwa.

Na mtu wako akikwambia gari haivuti, panda wewe mwenyewe uipeleke mlimani kabla ya kumnyang'anya ufunguo.

Ufunguo nimeshaurudisha. Daftari nimelitia jikoni, nikachemshia chai tukanywa sote.

Allah atusamehe makosa yetu na atuunganishie undugu wetu. Amin. Wassalamu alaykum.