Kitambaa Kilichokwenda Upande: Barua kutoka Waberi

Juma lililopita hamkutuona katika ukurasa huu kwa kuwa tulikuwa safarini. Tulitoka Mombasa, tukapita Garsen na Hola hadi Madogo, na hapo tukavuka daraja la Mto Tana tukaingia Garissa. Tulishukia Waberi, kwa jamaa za ahli yetu.

Miezi miwili kabla, tulikuwa tumewapelekea kitambaa cheupe cha kutarizi, kiwe mfuniko wa meza wa binti yao anayeolewa. Twakiri tulikikata wenyewe, kwa mkasi na kwa jicho.

Binti alikuwa amekwisha kukitarizi maua mekundu kwa ule mshono wa krosi, uzi ukikatana na uzi mfano wa alama ya kuzidisha. Fundi wake ni mama mtu mzima, ambaye vijana wa mtaani humwita habo. Alipokitandaza mezani, safu ya maua ilianza karibu na ukingo, na mwisho wake ikawa imeachana nao kwa vidole vitatu. Binti akainamisha kichwa, akidhani mkono wake ndio ulioteleza. Arusi imebaki siku tisa.

Mama hakumlaumu. Mshono huu, alisema, haufuati ukingo. Hufuata matundu baina ya mtande na mshindio. Akautafuta uzi mmoja wa mshindio, akauvuta pole pole mpaka ukatoka wote, ukaacha njia nyembamba. Njia ile ilikwenda sambamba na maua. Kilichopinda ni ukingo.

"Sheikh, nani alikikata?"

Tulinyamaza kidogo, kisha tukasema: "Ni sisi."

Palikuwa na ila ya pili, nayo (alhamdulillahi) si yetu. Pembe hazikuwa sawa. Mshindio ulikuwa umelala upande, kama itokeavyo nguo ikivutwa vibaya ingali kwenye jora. Mama alilowesha kwanza ua moja na kulikandamiza kwa kitambaa cheupe, aone kama uzi mwekundu unatoa rangi. Haukutoa. Ndipo akakilowesha chote, akashika na binti zile pembe mbili zilizokaribiana, wakavuta. Wakakibana kwa pini juu ya godoro, kingo zote zikiwa zimenyooka. Kwa jua la Garissa, kabla ya Alasiri kilikuwa kikavu. Pasi ilipigwa upande wa nyuma, kwa kubonyeza na kuinua. Ukiiburuta, nguo hurudi upande.

Kisha akakata kwa kufuata njia ya uzi. Kilichobaki hakitoshi tena meza ya sebuleni. Kitafunika ile ndogo ya chai. Binti alikubali, ila si kwa furaha, na hilo tuliliona usoni mwake.

Kitambaa cha pili kitapanda basi kesho. Atakitarizi akiwa kwake. Safari hii tulikaa barazani tukivuta uzi kabla ya mkasi. Ulikatika mara mbili, tukaanza upya.