Mackinnon Road: Mji Usiopitwa Hivi Hivi

Haya jamani, leo tuweke programu kando tuzungumze barabara. (Mwishowe nitarudi kwenye programu tu, mnanijua!)

Jumamosi nilimchukua mama Mji wa Kale mapema, tukavuka Makupa, tukashika barabara kuu ya Nairobi. Mazeras, Mariakani, Samburu... minazi ikabaki nyuma. Ukifika Taru ni nyika tupu: udongo mwekundu, vichaka vya miiba na joto la kukausha koo. Zamani misafara ya miguu kutoka Mombasa iliiogopa sehemu hii kwa uhaba wa maji. Walitegemea mashimo ya mawe pale Taru yanayohifadhi maji ya mvua.

Kama kilomita 90 hivi kutoka kisiwani, ndipo Mackinnon Road. Jina ni la William Mackinnon, mwenyekiti wa Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyoanza kuchonga njia ya kwenda bara miaka ya 1890. Reli ikafuata, 1896 hadi 1901, Mombasa mpaka Ziwa Victoria. Kando ya reli hiyo kuna msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, aliyetoka Bara Hindi kuja kujenga reli. Wazee husimulia kuwa karai alilobeba lilielea juu ya kichwa chake bila kumgusa.

"Mwanangu, hapa hatupiti hivi hivi," mama akasema. Tukaegesha.

Ndani tulikuta madereva wa malori wamevua viatu, wanaomba dua ya safari. Nje kuna chai, matunda, maji baridi. Dereva akishatoa sadaka, ananunua kikombe cha chai, na mji unapata riziki.

Sasa programu. Kazini naandika mfumo wa kufuatilia malori yatokayo bandari ya Kilindini. Lori likisimama, mteja anataka dakika hizo zihesabiwe kama "ucheleweshaji". Kwa muuza chai wa Mackinnon Road, dakika hizo ndizo unga wa jioni.

Na njia mpya hazisimami. SGR ilipofunguliwa 2017, treni yake ya vituo vidogo ilipangiwa Mariakani, Miasenyi, Voi na kuendelea. Mackinnon Road haimo. Mwaka huo huo treni ya zamani ya abiria ya Mombasa–Nairobi ikakoma. Mikongo ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa 2009, ikaharakisha intaneti ya nchi nzima, lakini data haishuki kunywa chai.

Sipingi kasi, ndiyo inayonilisha. Ila mji wa njiani huishi kwa watu wanaosimama, si kwa vitu vinavyopita. Wiki hii nitampendekezea mteja safu mpya kwenye mfumo: "mapumziko", itenganishwe na ucheleweshaji. Akikataa, nitamwambia aje tusafiri na mama.

Nanyi, mkiipita njia hiyo husimama wapi?