Pini Namba 34

Muhula huu sisi wa chama cha sayansi tulikusudia kutengeneza kipimo cha tangi la maji, kipate kutuma ujumbe wa simu maji yakipungua, kwa maana si jambo zuri kuamka alfajiri na ndoo ukakuta tangi kavu. Chombo chetu ni ESP32, na mimi nilipewa kazi ya kukiunga na modemu ya simu.

Vyombo hivi husemezana kwa nyaya mbili, mmoja wa kutuma na mmoja wa kupokea, alama zikifuatana moja moja. ESP32 ina njia tatu za namna hiyo. Ya kwanza ilishikwa na kompyuta. Nikatwaa ya pili bila kuitajia pini; kumbe yenyewe hutaka pini 9 na 10, ambazo chipu huzitumia kusomea kumbukumbu yake! Ikawa inajiwasha upya kila mara, mithili ya mtu mwenye kwikwi.

Mwalimu akanieleza kuwa ndani ya chipu mna njia panda kama ile ya Chalinze: ishara yaweza kupelekwa karibu pini yoyote, ukiandika namba zake katika programu. Nikaandika kupokea 35, kutuma 34. Chipu ikatulia, lakini modemu kimya. Siku mbili nilibadili nyaya, nikailaumu modemu, hata laini ya simu. Kumbe pini 34 hadi 39 hupokea tu, hazitumi kamwe. Nikahamishia kutuma kwenye 27. Modemu ikajibu "OK" papo hapo, nami nikapiga kelele hata mwalimu wa zamu akaja kuuliza kuna nini.

Mwanafunzi wa Kidato cha III, Lugoba