Tulipokodi Gari Kushuka Kreta



Sisi tunaoishi Karatu tunayaona magari ya watalii kila siku. Alfajiri yanapita barabara kuu yakiwahi lango la Lodoare linalofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na jioni yanarudi yamejaa vumbi jekundu. Vijana wetu ndio madereva, wapishi na wapiga pasi wa hotelini. Lakini ukiuliza katika kikundi chetu cha akina mama kanisani ni wangapi wamewahi kushuka ndani ya kreta ya Ngorongoro, vidole vya mkono mmoja vinatosha. Na kutoka hapa mjini hadi langoni hazifiki kilomita ishirini!

Mwaka jana mwezi wa Julai tulipata wageni, akina mama watano wa kanisa moja la Nairobi ambalo tumekuwa tukiandikiana nalo barua za salamu. Walivuka mpaka wa Namanga, wakapita Arusha, wakafika kwetu jioni wakiwa wamechoka lakini wanaimba. Walikuwa na siku moja tu ya nafasi katikati ya ibada na safari ya kurudi. Wakatuambia bila kuzunguka: "Tumesikia kreta tangu shule ya msingi. Tunaomba mtupeleke."

Siku moja si kitu kidogo. Wapo watalii wanaoshuka melini Mombasa au Zanzibar, wakarushwa kwa ndege ndogo hadi kiwanja cha Ziwa Manyara, wakateremshwa kreta mbio mbio na kurudishwa kabla meli haijang'oa nanga. Ikiwa wao wanaweza kutoka pwani, sisi tulio mlangoni tungesema nini?

Basi dogo la wageni wetu lilifika Karatu bila shida kwa sababu ni la kanisa. Magari ya biashara ya utalii ya Kenya ni habari nyingine. Kwa mapatano ya mwaka 1985 hayaruhusiwi kuingiza watalii katika hifadhi zetu, ndiyo maana wateja wao huhamishiwa magari ya Tanzania. Lakini hata basi la kanisa halishuki kreta. Njia za kule ni za mwinuko mkali, na gari linaloruhusiwa ni lile tu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Hivyo ikabidi tukodi.

Mmiliki wa kwanza tuliyempigia simu alitaja bei nzuri mno. Mweka hazina wetu alipoomba waandikiane, yule kijana akasema, "Mama, mimi ni mlokole mwenzenu, tuaminiane tu." Mweka hazina akamjibu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, akamtakia baraka, akakata simu. Wapo kati yetu waliosikitika kuikosa bei ile. Wengine tulifurahi, maana ulokole haujawahi kuwa tairi la akiba.

Wa pili alikuwa mzee mwenye Land Cruiser mbili, na yeye alituita tukalione gari likiwa limesimama uani kwake. Hapo ndipo tulipofanya kazi yetu. Tuliuliza kama bei ya siku ina mafuta ndani yake, na chakula cha dereva ni cha nani. Tuliangalia tairi la akiba na jeki, mtungi wa kuzimia moto, mikanda ya viti vyote, tarehe ya mwisho ya bima na leseni ya biashara ya utalii. Sisi wauguzi wa kikundi tuliwavuta mikanda mmoja mmoja hadi mzee akacheka. Na acheke. Tumewapokea wodini watu waliotupwa nje ya magari, na hatuwezi kuona mkanda tukaupita. Tulikubaliana shilingi 420,000 pamoja na mafuta na dereva, nusu tukitanguliza na nusu jioni, kila kitu kwenye karatasi yenye sahihi mbili.

Kuna jambo ambalo wakodishaji wengi hawalisemi mpaka uulize. Mbali na kiingilio cha kila mtu, gari lenyewe lina ada yake ya kuingia hifadhini, na nyingine ya kushuka kreta. Siku hizi malipo hayo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa fedha mkononi pale langoni, kwa hiyo ni vizuri kuyamaliza mapema. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa sehemu ndogo tu ya kile anachotozwa mgeni wa Ulaya au Marekani, na dada zetu wa Kenya walihesabiwa pamoja nasi, wakiwa na pasi zao mkononi. Kadi zao za homa ya manjano nazo zilikuwa tayari, maana tuliwaandikia mapema kwamba chanjo hiyo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku kumi. Ukichanjwa usiku wa kuamkia safari umejisumbua bure.

Gari lilikuwa na viti saba vya abiria. Wageni watano. Vikabaki viwili.

Kiti kimoja hakikuwa na mzozo, kwani wote walitaka muuguzi awemo. Kile cha pili ndicho kilichotuweka kanisani hadi taa zikawashwa. Wengi walitaja viongozi. Halafu mama mmoja wa nyuma akasema jina la mzee wetu ambaye wote tunamwita Ayo, yaani mama kwa Kiiraqw.

Ayo alifua mashuka katika hoteli moja ya pale kingoni kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikwenda usiku na kurudi usiku, enzi ambazo barabara ya kutoka Makuyuni ilikuwa bado ya vumbi na mashimo. Kreta aliiona kwa juu kila siku ya Mungu. Kushuka hakuwahi, kwa sababu magari ya wageni yalikuwa ya wageni. Sasa amepita miaka sabini, miguu inavimba, na ana shinikizo la damu tunalolifuatilia kila mwezi.

Upinzani haukutoka kwa watu wabaya. Ulitoka kwa mama anayempenda sana Ayo, ambaye humpelekea maziwa. Alisema kiti hicho, ukikigawanya katika fedha ya gari, kingemnunulia dawa za miezi kadhaa, na kwamba fedha za kikundi zimetokana na kukodisha masufuria na viti vya harusi, si za kutazamia wanyama. Hoja yake ilikuwa nzito, na hata sisi wauguzi hatukuwa na kauli moja. Karatu iko kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kingo za kreta zimepanda zaidi ya mita 2,200. Mwezi wa Julai kule juu kuna baridi ya kuuma mifupa. Mmoja wetu alisema mgonjwa wa namna hii asipandishwe. Mwingine akasema amepandishwa miaka ishirini akiwa anafua kwa mikono, na hakuna aliyemzuia.

Ayo mwenyewe alikuwa amekaa pembeni, hajaulizwa. Akasema taratibu, "Dawa mnaninunulia ili niishi. Nashukuru. Sasa nikiishi nifanye nini?"

Hakuna aliyepiga kura tena. Tulikubaliana masharti: anywe dawa zake bila kuruka siku, avae sweta mbili na soksi nzito, apimwe jioni ile na alfajiri, na kipimo kikikataa abaki. Alfajiri kilisoma 148 juu ya 88, akapewa kiti cha mbele pembeni ya dereva.

Chakula tulichukua chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi na chupa tatu za chai ya tangawizi, vyote ndani ya vikapu, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

Baada ya lango lami inakwisha na msitu unaanza. Tulipofika mahali pa kutazamia hapakuwa na kreta wala mbingu, ukungu mtupu mweupe kama maziwa. Dada zetu wa Nairobi walinyong'onyea. Siku yao ilikuwa moja! Ayo akageuka akawaambia, "Saa tatu utaondoka. Upepo ukitoka upande huu hauzidi saa tatu." Walimwita Shosho, kama wanavyowaita bibi zao, na wakataka kujua amejuaje. Akasema mashuka ndiyo yaliyomfundisha, kwa sababu hayakauki katika ukungu na msimamizi hataki kujua.

Tukisubiri, dereva alitusimamisha kwenye kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege pamoja na baba yake. Ndege yake ilianguka Januari 10, 1959 akiwa na miaka 24. Baba yake, Bernhard, aliishi hadi mwaka 1987, naye akazikwa papo hapo kando ya mwanawe. Mgeni wetu mmoja ana kijana wa umri huo. Alisimama pale muda mrefu kuliko sisi wote.

Saa tatu kasorobo ukungu ulianza kupasuka.

Tulishuka kwa njia ya Seneto, ambayo ni ya kushuka tu. Dereva alitia gia nzito, sisi tukatia maombi. Ng'ombe wa Kimasai walikuwa wakichunga mteremkoni, na mgeni mmoja akauliza inakuwaje watu wanaishi ndani ya hifadhi. Swali hilo si la kujibiwa kwa pumzi moja. Mwaka 1959 Wamasai walitolewa Serengeti na eneo la Ngorongoro likatengwa ili watu, mifugo na wanyamapori wakae pamoja. Katika miaka ya 1970 waliokuwa wakiishi sakafuni mwa kreta waliondolewa, na kilimo kikakatazwa katika eneo zima. Tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamia Msomera wilayani Handeni katika mpango wa serikali, na nyingine zimekataa kuondoka. Sisi tunawajua akina mama hao kwa majina ya watoto wao kliniki. Tuliwaambia wageni wetu kwamba uzuri huu una watu wanaoulipia, na wala si langoni.

Sakafu ya kreta ni kama kilomita za mraba 260, imezungukwa na ukuta wa mlima wa kiasi cha mita 600. Tuliwaona nyumbu na punda milia makundi kwa makundi, nyati, simba waliolala barabarani kama ng'ombe wa shangazi, viboko, na ndovu madume wenye pembe ndefu wakipita peke yao. Ziwa Magadi lilikuwa na heroe kwa mbali, waridi. Twiga hayupo kule chini, na dereva anasema huulizwa kila siku. Faru tulimwona kama jiwe jeusi lililosogea, na dada zetu wa Kenya walipeana darubini kwa zamu huku wakihesabu sekunde kwa sauti.

Ayo hakushughulika sana na faru. Tulipokuwa katikati kabisa alimwomba dereva asimame, akageuza uso kuutazama ukuta wa kreta. Alitafuta kwa jicho kwa muda. Kisha akanyoosha kidole. Juu kabisa ya kingo, kadogo kama kiberiti, palikuwa na jengo.

"Ndiyo ile," akasema. "Kumbe ni ndogo hivi!" Akacheka hadi machozi yakamtoka, na hatukujua tena kama bado anacheka. Mgeni wa Nairobi aliyekaa nyuma yake akamwekea mkono begani. Baadaye Ayo alisema miaka yote ile alijiuliza wageni wanatafuta nini huku chini hata wanarudi na nguo za vumbi namna ile, na vumbi hilo halitoki kwa sabuni ya kawaida.

Chakula tulilia ndani ya gari pale chemchemi ya Ngoitokitok, kwa sababu mwewe wa pale humnyang'anya mtu chapati mdomoni. Akina mama mnaopanga safari kama hii, mjue kwamba vyoo viko sehemu za mapumziko tu, na kwingine hakuna kushuka garini. Anayekunywa vidonge vya kutoa maji mwilini ni vizuri ashauriane na daktari wake mapema juu ya saa ya kuvinywa. Kwa Ayo tulikuwa tumeshauriana, na siku ile alivinywa baada ya kurudi nyumbani.

Saa tisa dereva alianza kupanda kwa njia ya Lerai, ili tusikimbizane na muda wa kufunga. Kingoni tulimpima Ayo tena: 152 juu ya 90, hana kizunguzungu, ana njaa. Tuliingia Karatu kabla ya magharibi, na yule mama wa maziwa alikuwa ameshafika barabarani anatusubiri. Alimshusha Ayo mwenyewe, akaushika mkoba wake, wakaondoka wakiongea Kiiraqw kwa kasi ambayo hata waliozaliwa nayo tulishindwa kuifuata.

Hesabu ilisomwa Jumapili iliyofuata mbele ya wote, ikiwa na stakabadhi za lango na karatasi ya mzee mwenye gari. Zilibaki shilingi 17,500, zikarudi kwenye mfuko wa masufuria. Kundi jingine la watu saba limekwisha kuanza kuchanga shilingi elfu kumi kila mwezi, na mama wa maziwa ni wa pili kwenye orodha. Mzee amekubali bei ileile ikiwa watakwenda kabla ya masika.